Barua kwa wakili wa Morogoro

Williamsport, Pennsylvania
Juni

Ndugu yangu Wakili,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, baridi imekwisha, binti anakua mpaka viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna mstari mmoja umenikaa rohoni: kwamba mwisho wa mwezi unataka kuivunja timu ya soka ya watoto ya pale Kihonda kwa sababu mashauri yamezidi, na mteja amekuambia haipendezi wakili kuonekana ana vumbi miguuni. Sikuweza kukujibu siku ile ile. Kabla sijasema neno, acha nikusimulie habari za wakili mmoja wa huku, kocha wa binti yangu.

Huu ni mji mdogo, kaka. Watu hawafiki elfu thelathini, mto Susquehanna unapita kando, na zamani walitajirika kwa mbao. Ofisi ya wakili huyu iko karibu na mahakama ya kaunti. Anaandika wosia, anashughulikia mirathi na mauzo ya nyumba, anawatetea madereva waliokamatwa wamelewa. Kazi zile zile zako. Ila saa kumi na moja jioni ukipita uwanjani utamkuta na shati lake jeupe la mahakamani, tai ameikunja ameitia mfukoni, anavuta reki juu ya udongo mwekundu. Akimaliza anachukua kigari cha chokaa na kuchora mistari, anarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama, na kama mmoja umepinda anaufuta kwa kiatu anachora upya. Watoto wakifika wanakuta uwanja umelala kama mkeka.

Mchezo wao ni besiboli, na mji huu ndio chimbuko la besiboli ya watoto duniani. Mwaka 1939 kijana wa hapa, Carl Stotz, alianzisha ligi yenye timu tatu tu, ndiyo hii wanayoiita Little League. Alipunguza umbali kati ya besi na besi, yaani vile vituo anavyokimbilia mpigaji, kutoka futi 90 za watu wazima hadi futi 60, ili miguu mifupi iweze kufika. Inasimuliwa kwamba alibisha hodi kwenye biashara 56 akiomba udhamini na zote zikamkatalia, ndipo kiwanda cha maziwa cha Lycoming kikakubali. Nilipoisoma ile habari yako ya kuzunguka madukani kutafuta jezi nilimkumbuka sana huyu bwana. Wewe umeandika maduka tisa.

Sasa nikupeleke kwenye mechi ya mwezi uliopita, maana pale ndipo nilipomjua wakili wetu vizuri.

Katika ligi hii mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akipita 65 lazima apumzike siku nne. Ni kwa ajili ya kiwiko na bega, kwa sababu mifupa bado inakua. Wakili hushika kidude cha kubonyeza kiganjani, kila mpira unaorushwa anabonyeza. Siku hiyo tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, zamu ya mwisho, na mrushaji wetu bora alikuwa moto kweli kweli. Hesabu ikafika 85. Kanuni ikamruhusu ammalize mpigaji aliye mbele yake tu. Alipommaliza, wakili akatembea taratibu hadi pale kwenye kichuguu anaposimama mrushaji, akapiga goti moja ili macho yao yalingane, wakaongea kidogo, kisha akanyoosha mkono mtoto akampa mpira. Aliyeingia badala yake akapigwa. Tukafungwa.

Baba wa yule mtoto alishuka kutoka kwenye viti akifoka. Sasa sikiliza, huyu baba alikuwa mteja wake, alikuwa na shauri la kiwanja lililomletea wakili fedha nzuri. Akamwambia mbele yetu sote kwamba kesho atakuja kuchukua faili lake. Wakili akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Njoo saa tatu, nitakuwa nimeliandaa." Basi. Akaokota reki.

Faili lilichukuliwa kweli. Lakini mtoto hakuondoka. Ijumaa alikuja mazoezini kwa baiskeli, peke yake, na alipokuwa bado kwenye siku zake za kupumzika wakili akampa kile kidude awahesabie wenzake. Nilimwona ameketi kwenye benchi amekishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio na ninakiri machozi yalinilenga.

Yapo mengine yasiyoonekana. Hachukui kesi ya talaka ya mzazi yeyote mwenye mtoto katika timu, ili mtoto asije akamwogopa kocha wake. Kila mwaka yeye ndiye anayekagua vyeti vya kuzaliwa na uthibitisho wa makazi, karatasi moja moja, kwa sababu huku nako vijeba wapo. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilishika nafasi ya tatu katika fainali za dunia zinazochezwa hapa hapa, halafu ikagundulika mrushaji wake ana miaka 14 wakati mwisho ni 12, wakanyang'anywa kila kitu. Aliyeandaa cheti kile alikuwa mtu mzima. Mtoto ndiye aliyebaki kwenye magazeti.

Hapo ndipo nafikiria kazi yako, kaka. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kuja Williamsport, wangekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizi. Wakanyimwa viza kwa sababu nyaraka zao za umri na kuzaliwa hazikulingana. Walikuwa wameshinda uwanjani, wakakwama kwenye karatasi. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, nao wa Uganda, wakafika, na kabla ya kuondoka wakawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Wenyeji hapa bado wanaisimulia mechi hiyo wakishajua natoka upande wenu. Kila nikiisikia nawaza wazazi wangapi wa Kihonda wana watoto wasio na cheti, na ni nani pale mtaani anayejua kukijaza kile kifomu bila kuomba chochote.

Na binti yangu anacheza kwa sababu ya kesi. Mwaka 1972 msichana wa Hoboken, New Jersey, Maria Pepe, alicheza mechi tatu tu, akatolewa kwa kuwa ni msichana. Shauri lilifunguliwa, Sylvia Pressler, afisa wa haki za raia wa New Jersey, akalisikiliza na kuamua wasichana waruhusiwe, na mwaka 1974 ligi ikabadilisha kanuni nchi nzima. Maria mwenyewe alikuwa ameshapita umri. Wakili aliwasimulia wasichana wa timu habari hii wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Binti yangu akauliza, "Kwa hiyo yeye hakurudi kucheza?" Wakili akasema hapana. Binti akanyamaza njia nzima kurudi nyumbani, na usiku nikamkuta amelala na glavu yake kifuani.

Nilimuuliza wakili kama hachoki. Akasema huchoka sana Februari, wakati uwanja uko chini ya theluji na hana pa kwenda saa kumi na moja.

Kaka, mteja aliyekusema kwa ajili ya vumbi, mwache aende. Mashauri yapunguze, au uwape vijana wale wanaojifunza kazi ofisini kwako. Siku zikikubana, fanya Jumanne na Alhamisi tu, watoto hawatakulaumu. Na yule kipa wako mdogo uliyeniandikia kwamba anakuja na mdogo wake mgongoni, nani atamfungulia geti?

Hela ya nyavu nimemtumia shemeji jana, amesema atakupa mkononi. Lile goli la upande wa korongo lililoanguka, ukishalisimamisha nipigie picha, na watoto wawemo.

Msalimie shemeji, nibusie watoto.

Nduguyo,
wa Williamsport