Wanyang'anye slaidi ya kwanza

Kisumu, Jumapili jioni

Daktari mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako joto limetukaanga wiki nzima na stima inapotea kila mawingu yakijikusanya upande wa ziwa. Watoto hawajambo. Mzee naye yuko, na goti lake ni lile lile.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba hapo Nakuru umekabidhiwa kikao cha kila wiki cha kujadili kesi za wagonjwa. Umeniuliza uanzie wapi. Mimi ningeanza kwa kuwanyang'anya marejista, hao madaktari wanaosomea ubingwa, slaidi yao ya kwanza.

Unaijua: "Mwanamume wa miaka 31 mwenye mabuu ya tegu kwenye ubongo." Jibu limeshatoka kabla chai haijapoa, na kinachofuata ni somo la kitabuni ambalo kila mtu angejisomea kwake. Kesi hufundisha pale mtu anapolazimika kusema anachodhani wakati bado hajui. Mpe karatasi aandike dhana yake, utaona atakavyosikiliza hadi mwisho. Asipoandika, jibu likija atakwambia hata yeye alikuwa analijua.

Ngoja nikupe yetu ya juzi, nimeondoa ya kumtambulisha mgonjwa. Fundi wa ujenzi, kijana, ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Homa hana, malaria hasi, HIV hasi, sukari sawa, pombe hanywi. Rejista akakomea hapo, akazima projekta, akaita wanafunzi waseme. Ubao ukajaa: TB ya ubongo, uvimbe, jeraha la zamani la kichwa, tegu wa nguruwe. Tegu ndiye aliyefutwa kwanza. "Mgonjwa ni Msabato," mmoja akasema, "nguruwe hagusi." Wengi wakaitikia, na kusema kweli hoja ilikuwa na sura nzuri.

Aliyeiangusha ni muuguzi mmoja, sista mzaliwa wa Busia, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa karibu na mlango. Akauliza tu: "Na mchana huwa anakula wapi?" Rejista alikuwa na jibu kwenye faili: kibandani karibu na mjengo, chapati, maharagwe na kachumbari. Basi hapo mambo yakageuka. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu mzima, yule wa kukaa matumboni. Mabuu ya kwenye ubongo hutokana na mayai, na mayai hutoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu, yakapitia mikono isiyonawiwa hadi kwenye sahani ya mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti ugonjwa huu huu kati ya Wayahudi washika dini wa New York, ambao nyama hiyo haiingii majumbani mwao. Sikani, ile picha ya ubongo, ilipoonyeshwa, vifuko vilikuwepo, kimoja na kidoa cheupe ndani yake, ndicho kichwa cha tegu. Wale wanafunzi sidhani watamfuta tena tegu kwa sababu ya dini ya mtu.

Kwa hiyo wauguzi waingie, na wasikalishwe nyuma. Maabara pia. Mtu wa famasia akija, mshike asitoroke.

Jambo hili si jipya. Walter Cannon alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard alipoandika, mwaka 1900, kwamba udaktari ufundishwe kwa kesi. Alikuwa amemwona mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa sheria, akichangamkia kesi zake huku wao wakisinzia kwenye mihadhara. Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital, kule Boston, akalishika wazo hilo. Mwisho wa kikao chao alisimama mpatholojia, daktari wa kuchunguza maiti, na kusema maiti ilionyesha nini. Cabot huyo huyo mwaka 1912 alichapisha uchunguzi wa maiti 3,000, akaanika wazi magonjwa ambayo madaktari walikuwa wakiyakosea.

Hapo ndipo sisi tunakwama. Huku mwili ukishatoka mochari unataka kufika bomani, na familia nyingi hazitaki kusikia habari za kupasuliwa. Siwalaumu. Lakini kikao kisicho na jibu hugeuka kuwa mashindano ya sauti, na daktari bingwa ndiye hushinda. Chagua basi kesi zenye jibu unaloweza kulishika: kipande cha mwili wa mgonjwa kilichopimwa maabara, sikani, au mgonjwa mwenyewe aliyerudi kliniki akitembea.

Na kikao cha vifo, kile cha kuchambua kwa nini mgonjwa alitufia, kiwe na siku yake. Nilipokuwa intani, mahali ambapo sitapataja, vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, na rejista alihojiwa mbele ya watu kama mshukiwa kizimbani. Baada ya muda watu wakawa wanaleta kesi rahisi tu, zile zisizomchoma mtu. Aliyekuwa amekesha na mgonjwa mgumu alinyamaza, na sisi tukakosa kesi yake.

Usizidishe saa moja, na anayewasilisha asiwe ametoka zamu ya usiku. Ratiba yetu ya muhula nitakutumia ikishapitishwa. Wewe niandikie kama msimamizi wa hospitali amekubali wauguzi waachiliwe saa hiyo, maana huku kwetu hilo lilichukua muda kuliko mengine yote.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa Kisumu