Usichapishe Bado

Mama Baraka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Umoja. Sisi wazima, ila mvua imetuganda na matope ya huku unayajua. Mama anauliza kama kikohozi cha Baraka kimepona. Nakuandikia mbio kwa sababu Kamau ameniambia kesho unapeleka vile vipeperushi vya sandali zako River Road vikachapishwe. Tafadhali ngoja kidogo.

Nimeyasoma maneno yenyewe. "Viatu bora vya kisasa kwa bei nafuu, karibuni nyote." Hayo yanafaa kibanda chochote hapo soko la Kariokor, hata cha jirani yako wa mikanda. Wewe hasa uko wapi humo? Ngozi unaichagua mwenyewe, unashona kwa mkono, na kamba ikikatika unamshonea mteja bure. Hilo la kushona bure hujaliandika popote! Na ndilo lililonifanya niwalete walimu wenzangu kwako. Nimeudhika kidogo, kwa sababu kazi yako ni nzuri kuliko tangazo lake.

Halafu bei. "Piga simu upate bei." Mtu akisoma hivyo anaona ni ghali, au anahofia utamtajia bei kwa kumtazama sura. Andika "kuanzia shilingi" ngapi sijui, uweke ile ya kweli. Anayeona ni nyingi atapita, na atakayepiga simu atakuwa anauliza saizi. Dada yako anasema jirani atashusha yake. Ashushe, lakini je, atashona bure?

Yule mama wa kanisani alisema nini siku ile? "Hizi nimezivaa harusini, nikazivaa shambani, bado ziko." Muombe ruhusa uliandike vivyo hivyo, usilipambe. Waulize na wengine kwa nini walirudi. Maneno utakayoyapata kwao yatauza kuliko "bora" na "kisasa".

Kwenye WhatsApp pia, picha za stetasi zinafutika baada ya saa 24, na wewe unaweka rundo zima bila neno. Weka sandali moja, bei yake na saizi zilizobaki. Na huyo anayekushauri uwatumie ujumbe watu wote waliokulipa kwa M-Pesa, mkatalie. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu namba ya mtu itumiwe kibiashara hivi hivi bila ridhaa yake. Mtu akilipa, muulize kama angependa kuarifiwa ukishona mpya. Hivyo tu.

Lakini narudi palepale: kushona bure kuwe mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, juu ya picha. Niachie usiku huu nikuandikie, wewe utarekebisha asubuhi.

Ila nijibu haya kwanza. Unashona bure kwa muda gani, miezi kadhaa au siku zote? Saizi za watoto zinaanzia ngapi? Oda ya harusi inakuchukua siku ngapi? Mtu akiingia sokoni kutoka Racecourse Road, akupate upande gani? Je, ile namba ya simu kwenye kipeperushi ni yako au bado ni ya zamani? Na mwenye mashine ya kuchapisha, umeshampa pesa?

Wako,
Mwalimu