Niulizie Shosho habari za unyoya mwekundu

Perth, Uskoti

Kwako Kariuki,

Salamu nyingi. Natumai nyumbani hamjambo na goti la Mama Ciku limepoa. Nimenyamaza mno, najua. Otieno ameshanisema kwenye simu eti nimekuwa Mzungu. Mwambie Mzungu hali ugali kila jioni.

Nina ombi, lakini acha nianzie mbali kidogo. Hapa mjini kuna ngome ya Balhousie, na ndani yake makumbusho ya Black Watch, rejimenti ya Kiskoti ya jeshi la Uingereza, wale askari wa milimani wa sketi. Niliingia kukwepa mvua. Nikakutana na kofia ya sufi, ya duara, yenye shada la manyoya mekundu lililosimama upande wa kushoto. Shosho wako si alikuwa akitusimulia askari wenye unyoya kofiani, nasi tukimcheka? Basi ndio hao. Walitoka vita vya Korea wakaletwa kwetu mwaka 1953 kupigana na Mau Mau, wakakaa mpaka 1955.

Kinachoninyima usingizi ni asili yao. Baada ya uasi wa 1715, wengi wa huku walipopigana kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart, serikali ya London haikuwaamini watu wa milima hii. Mwaka 1725 Jenerali Wade akaunda makundi ya askari kutoka koo zilizokuwa upande wa serikali, kina Campbell, Grant, Fraser na Munro, wawalinde na kuwapokonya silaha wenzao. Homgadi kabisa, kama wale wenzetu waliolinda upande wa mkoloni wakati wa Mau Mau! Wakafanywa rejimenti mwaka 1739. Mwaka 1743 wakapelekwa London, uvumi ukaenea kwamba watasafirishwa visiwa vya Karibi wakafe kwa homa. Zaidi ya mia wakaondoka usiku kurudi kwao kwa miguu. Walikamatwa, na watatu wakapigwa risasi pale Mnara wa London, wenzao wakitazama.

Ngoja, kuna kali zaidi. Baada ya vita vya Culloden, 1746, ambako serikali ilizima uasi wao wa mwisho, sheria ikawakataza wanaume wa huku kuvaa vazi lao la asili. Askari peke yao ndio walioruhusiwa, hadi sheria ilipofutwa mwaka 1782. Yaani ukitaka kuvaa nguo ya babako, kwanza umtumikie mfalme! Halafu watu wenye historia hiyo ndio waliotumwa msitu wa Aberdare kutuzima sisi. Kariuki, mimi bado sijaelewa mtu husahau vipi.

Ushujaa wao sibishi. Agosti 1940 batalioni yao ya pili iliwazuia Waitalia pale Barkasan, Somalia ya Waingereza, ili wenzao wapate kupanda meli Berbera. KAR (King's African Rifles), askari wetu Waafrika chini ya Waingereza, nao walikuwa katika vita hivyo. Na kuna Meja Wavell wa Black Watch, mtoto wa yule Jenerali Wavell mkuu wa majeshi ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Meja huyo alipoteza mkono Burma, kisha akauawa karibu na Thika tarehe 24 Desemba 1953. Hakuacha mtoto, na cheo cha ukoo kikafa naye. Nilimhurumia, nisikufiche. Ila yeye jina lake limeandikwa. Wale vijana wa Kiambu waliofia msituni wiki hiyohiyo, majina yao nikayasome wapi?

Siku hizi rejimenti yenyewe haipo peke yake. Mwaka 2006 iliunganishwa na nyingine za Uskoti, na wazee wa hapa bado wananuna. Hilo niwaachie wenyewe.

Ombi langu: muulize shosho kwa upole, na akikataa usimsukume. Unyoya aliouona ulikuwa mwekundu? Waliingia vijijini au walipita tu kwenda msituni? Walikuja na zumari zao? Walimsemesha? Anaweza kukubali umrekodi kwa simu? Na babu yake Otieno alikuwa KAR batalioni ya ngapi? Kesi ya shamba je, imetajwa tena? Nijibu kabla hujasahau, nakujua.

Wako,
Mwangi