Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Uzinduzi wa Mradi wa Filamu Yetu ya Askari Kanzu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi, wasanii wenzetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe, kwani tumezoea kuletewa mwakilishi.

Kikundi chetu cha viziwi na wanaosikia kilianza kwa maigizo mafupi ya Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba, na tangu hapo kimepiga hatua kubwa. Kipande chetu cha dakika 4 kimesambaa kwa WhatsApp hadi Mwanza, jambo linaloturuhusu kusema kwamba tumetambulika kitaifa.

Mheshimiwa, katika filamu nyingi za upelelezi askari kanzu ni mwanamume wa kifua kipana, koti la ngozi na miwani myeusi, ambaye hata mtoto wa chekechea angemtambua kuwa ni polisi. Kiziwi huingizwa ili watu wacheke, asiyeona huketi kando ya barabara na kopo lake, na mwenye ualbino huonekana pale tu anapowindwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa makachero wa filamu asilimia hiyo bado hatujaiona. Katika filamu yetu askari kanzu ni mwanamke kiziwi, na anayemwigiza ni kiziwi kweli. Anaosha vyombo kwa mama lishe, mahali ambapo wauza unga hupanga safari za mizigo yao bila kunong'ona kwa kuwa wanajua hasikii, wasijue kwamba anasoma midomo yao na namba za magari yao. Mwendesha mashtaka ana ualbino, na hakuna anayemwinda. Wapo waliotuuliza kama mambo hayo yanawezekana. Hao hao hawajawahi kuuliza habari za askari anayeruka kutoka paa moja hadi jingine.

Shida yetu, Mheshimiwa, ni mwanga. Hadithi za namna hii hutendeka usiku. Anayesikia akiongea gizani tutamsikia, lakini kiziwi akizimiwa taa amefungwa mdomo. Isitoshe, mikono iliyo nje ya picha haijasema kitu, hivyo mazungumzo ya lugha ya alama yanahitaji kamera 2, la sivyo maneno ya mtu yatakatwa katikati. Kwa sasa tunaazima kamera 1 ya mpiga picha za harusi, ambayo Jumamosi haipatikani, na mwanga tunaupata kwa bodaboda 2 zilizowashwa taa, mafuta tukichanga wenyewe. Tukio la kukabidhiana mzigo tumelirudia mara nyingi kwa sababu kivuli cha mkono mmoja huangukia mwingine, na mtazamaji kiziwi husoma kitu tofauti kabisa.

Tunaomba seti ya taa na stendi zake, jenereta ndogo na kamera 1.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi taa kabla ya mwezi kwisha, bila kufafanua ni mwezi wa mwaka gani. Wa mwaka jana aliahidi kamera. Viziwi wakampongeza kwa kupunga mikono juu, kama ilivyo desturi yao, naye akadhani wanamuaga, na kweli hatujamwona tena. Picha za siku hizo tunazo. Tulishauriwa pia tuombe mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu; ushauri ni mzuri, ila mkopo hurejeshwa, na filamu ambayo haijamalizika kupigwa haina mnunuzi.

Profoma ya duka imeambatishwa kwenye nakala yako, na bei zake zinadumu siku 30. Mhazini wetu amekaa mstari wa mbele na daftari la ahadi, ambalo mwaka huu tumeliongezea safu ya tarehe na safu ya sahihi.

Mheshimiwa, karibu sana utuzindulie.

Naomba kuwasilisha.