Shule ya kijijini isitegemee bei ya nyumba za jirani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji. Hili la shule za vijijini Marekani kuendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya ardhi na majengo linasifiwa sana, eti wananchi wanajilipia wenyewe, na kweli lina uzuri wake, ila anayeumia ndo mtoto.

Yaani nyumba na mashamba yanathaminishwa, kila mwenye mali analipa kwa kiwango kilichowekwa, hela inaenda shule ya hapohapo. Sasa kijijini kuna nini? Mashamba na nyumba chache, kiwanda hakuna, maduka makubwa hakuna, kwa hiyo hata mkijipandishia kiwango mpaka mgongo uume bado mtapata kidogo kuliko wenye majumba wanaolipa kiwango cha chini. Si vijijini tu. Kesi ya Rodriguez, ya wazazi wa mjini San Antonio, Texas, walioupinga mfumo huu mahakamani, ilipoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973 namba zilikuwa wazi kabisa, watu wa eneo maskini la Edgewood walilipa dola 1.05 kwa kila dola 100 ya thamani wakapata dola 26 kwa mwanafunzi, wa Alamo Heights, eneo la wenye nazo, senti 85 tu wakapata dola 333. Na bado wazazi wa Edgewood walishindwa, kura 5 kwa 4! Inauma sana.

Halafu shule ndogo haina gharama ndogo jamani. Basi likibeba watoto 9 linakunywa mafuta karibu yaleyale kama limebeba 40, tena kijijini ndo linazunguka mbali zaidi, na mwalimu wa watoto 7 anakula mshahara mzima.

Mkulima akipiga kura ya kukataa kodi ya shule isipandishwe mi simlaumu. Shamba lake kwenye makaratasi ni utajiri ila mfukoni hana kitu mpaka avune, na mvua ikigoma bili ya kodi haigomi.

Kalkaska kule Michigan wapiga kura walikataa nyongeza ya kodi ya shule, Machi 1993 shule zikafungwa kabla mwaka wa masomo haujaisha, watoto wakabaki nyumbani. 1994 jimbo zima likapiga kura, kodi ya mauzo ikatoka asilimia 4 ikawa 6 na sehemu kubwa ya mzigo wa shule ikahamia jimboni. Wenye kupanga sera waanzie hapo, kodi ya kijiji iachiwe kukarabati paa, mshahara wa mwalimu na mafuta ya basi vitoke mfuko wa jimbo, wasingoje kwanza watoto warudishwe nyumbani.

Msomaji wenu wa kila siku