Kabla hujaenda Olmotonyi

Mafinga, Iringa
22 Septemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Muheza? Baba hajambo, na presha yake je? Mimi mzima, isipokuwa mikono. Asubuhi za huku bado zina baridi ya kuuma, na jana tumeshinda tunafyeka barabara za moto, zile za kuuzuia usivuke kuingia kwenye miti, kwa hiyo mwandiko wangu usiucheke.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umechoka na kibanda cha kutolea pesa, umeona picha yangu nimevaa buti na kofia ngumu katikati ya misindano, na sasa unataka kwenda chuo cha Olmotonyi kusomea misitu. Halafu ukaniuliza swali moja tu: "Nitaiweza?" Siwezi kukujibu kabla sijakusimulia habari ya maboga, ambayo hata mama hajawahi kuisikia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mkataba wa miezi sita, kwenye shamba la miti ambalo sitalitaja. Watu hudhani msaidizi misitu kazi yake ni kupanda miti. Kupanda wanapanda vibarua, na mvua zikikatika kumekwisha. Kisichokwisha ni kupima. Shamba kubwa huwezi kulihesabu mti kwa mti. Sao Hill peke yake, hapa jirani, ina zaidi ya hekta 130,000. Basi unachukua ploti: unasimama mahali ramani ilipokuelekeza, unachomeka kijiti, unazungusha duara lenye nusukipenyo cha mita 7.98, na kila mti uliomo unaupima. Hiyo 7.98 nilidhani ni uchawi wa walimu mpaka nilipoipigia hesabu. Inatoa mita za mraba 200, yaani sehemu moja ya hamsini ya hekta. Kila mti unaouandika kwenye fomu, ofisini unasomeka miti hamsini kwa hekta.

Unene unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Kwa urefu unarudi nyuma mita 20, unachungulia kwenye kifaa cha pembe, na upepo ukiiyumbisha ncha unasubiri itulie. Kamba ya kuzungushia duara nayo ilale kama maji kwenye sahani. Ukiiacha ifuate mteremko, duara lako ni dogo kuliko ulivyoandika, na hakuna atakayejua ila wewe.

Sasa, ilikuwa Machi, mwezi wangu wa pili, mvua inanyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimemaliza ploti kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa ng'ambo ya bonde, kijito kimejaa, na vibarua wangu wawili wananitazama kwa macho ya kuniambia "dada, twende nyumbani". Nikaingia kwenye kibanda cha mlinzi, nikakaa juu ya ndoo, nikaijaza. Miti 19. Nikaipangia vipenyo kwa ustadi: sentimita 21, 23, 19, na mmoja mwembamba wa 14 ili ufanane na ukweli. Nikajiona mjanja.

Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Kihehe, mwendo wa kinyonga, maneno machache. Kila wiki alichagua ploti moja akaipime upya. Aliita yangu, namba 14. Baadaye nilimuuliza aliijuaje. Akasema fomu kumi na tatu zilikuwa na matope na moja ilikuwa safi.

Tulivuka kijito mguu mosi mguu pili, yeye mbele mimi nyuma, nimekauka koo. Kifaa cha kuonyesha mahali kikatuambia tumefika. Mwanaidi, hapakuwa na msindano hata mmoja. Tulikuwa katikati ya kinyungu cha mtu, zile bustani za bondeni wanazolima kiangazi: matuta ya mwaka jana, nyasi za kiunoni, na maboga yaliyojiotea yenyewe. Mzee akaanza kuyahesabu kwa ncha ya fimbo, taratibu, moja moja.

"Tisa," akasema. "Kumi yamekwenda wapi?"

Kama ardhi ingepasuka ningeingia. Akanipa kalamu. "Andika sifuri." Nikaandika. Kisha pale pale, mguu juu ya tuta, akanifanyisha hesabu: 19 mara 50 ni miti 950 kwa kila hekta, miti ambayo haipo, na kuna mtu ofisini angeipangia bei, na mwingine angekuja na lori kuitafuta. Hakunishtaki. Alinirudisha nikapime upya zote kumi na nne, siku mbili, na posho sikuiona.

Kwa hiyo ukiniuliza kama utaiweza, miguu yako hainitii wasiwasi. Ninachotaka kujua ni kama utavuka kijito kwenda kuandika sifuri.

Haya, chuo. Olmotonyi iko Arusha, miguuni pa Mlima Meru, na kinafundisha misitu tangu 1937. Kuna astashahada na kuna stashahada. Baadaye ukipenda, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, inatoa shahada. Bailojia yako ilikuwa nzuri kuliko yangu. Hesabu ndiyo inayokutisha, najua, na ni kweli ipo: urefu wa mti ni tanjenti tupu. Kile kitabu cha hesabu cha sekondari mlichokuwa mnafungia maandazi, kama zimebaki kurasa za pembe, zitafute.

Kitu ambacho mimi sikujiandaa nacho ni majina. Chuoni utadai kwamba unaijua miti, utaulizwa jina la kisayansi, utanyamaza. Na majina ya Kiswahili hayakuokoi, maana kila mkoa una lake. Siku ya kwanza huku niliambiwa "nenda kwenye ile milingoti, geuka kushoto". Mimi mtoto wa Tanga, mlingoti ninaoujua ni wa jahazi! Nikaangalia kushoto na kulia, bahari iko wapi? Kumbe ni mikaratusi. Wamenicheka mpaka leo.

Usingoje chuo kwa hilo. Unaishi mahali ambapo mwanafunzi wa misitu angelipa nauli aje. Panda siku moja Amani, kwenye hifadhi, uone msambu ukiwa umesimama na siyo mbegu zake kwenye gunia. Shuka Longuza kwenye mitiki. Unakumbuka tulivyokuwa tunasugua majani yake machanga viganjani, rangi nyekundu inatoka, tunajifanya tumepakwa hina? Huo ndio Tectona grandis, na ndiyo mbao ya bei ambayo huwasikii watu wakiitaja kwa mzaha. Ulizia kama wana kibarua cha kitaluni, hata wiki mbili za kujaza udongo kwenye viriba. Utachoka mgongo, lakini utajua kama unaipenda kazi au unapenda picha.

Kitalu nacho kina siri zake. Huku tukichanganya udongo wa miche ya misindano tunaweka na udongo tuliouchota chini ya misindano mikubwa. Mwanzo nilidhani ni mila. Kumbe mle kuna kuvu wanaoshikana na mizizi na kuisaidia kupata chakula. Bila wao mche unadumaa na kugeuka njano, hata umwagilie vipi. Ndiyo maana misindano ilipoletwa kutoka ng'ambo ilibidi kuvu wake nao waje.

Ajira sitakupamba. TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, ndiyo mwajiri mkubwa, lakini jua kwamba siku hizi wako chini ya jeshi la uhifadhi: sare, cheo, gwaride. Wewe uliyekuwa unajificha chooni wakati wa mchakamchaka! Halmashauri nazo huajiri, na huko utashinda na pikipiki, mkaa, vibali na ugomvi wa watu waliokukuta ukikagua gunia lao. Kampuni binafsi ni mikataba. Miezi mingine pesa inachelewa, na mwenye duka anakujua kwa jina kwa sababu isiyo nzuri. Kwa upande mwingine, huku Mufindi na Njombe kila familia ina shamba lake la miti, na mtu anayejua kupima kwa haki hakosi wa kumwita Jumamosi.

Kuhusu uanamke wetu, vibarua watakuita "bibi misitu" na nusu ya mwanzo ni kejeli. Inapita. Kisichopita ni buti za wanaume namba 42 wanazogawa kwa wote, nunua zako. Na beba khanga daima, utajua kwa nini siku ya kwanza porini.

Moto sitaki kuuandika sana, ndio msimu wake. Wiki iliyopita tumelala macho siku mbili tukiupiga kwa matawi mabichi na pampu za mgongoni, na nikaona miti niliyoipima mwaka juzi, namba zake nazikumbuka, ikishika kama kiberiti. Moto ulianzia shambani kwa mtu aliyekuwa anasafisha. Nguo zangu bado zinanuka, na mwenye nyumba ananiuliza kama nimeanza kuchoma mkaa.

Kabla hujajaza fomu ya chuo nifanyie jambo moja. Kata kamba ya mita 7.98, nenda kwenye michungwa ya baba, chomeka kijiti popote, zungusha. Pima kila mchungwa ulioko ndani. Matawi yakianzia chini ya mita 1.3, pima chini yake uandike umepima wapi. Fanya mara tano, sehemu tano, hata ikiangukia kwenye njia au chooni. Nitumie karatasi yenyewe, usiandike upya kwa usafi.

Desemba nakuja likizo, na kamba yangu ninayo. Nibakizie na machungwa, huku yanafika yamenyauka.

Wako,
Rehema