Wenye biashara, mmewapa watu kazi, wapeni na rungu

Wanangu,

Juzi nilikwenda kumjulia hali mwenzenu mmoja aliyelazwa. Mkono mmoja una dripu, wa pili umeshika simu. Katika muda niliokaa pale aliidhinisha ununuzi wa wino wa printa, akapanga zamu ya nani na nani, akabishana na dereva kuhusu njia ya kupita. Muuguzi alipomwomba aweke simu chini apimwe presha, alimwinulia kidole: subiri kwanza. Na ofisini kwake yupo meneja! Analipwa mshahara wa meneja, ana meza, ana kadi zenye jina lake. Wino tu hawezi kununua.

Nilitoka pale nimekasirika, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnalalamika kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawajitumi mpaka wasukumwe. Hebu niwaulize: wa kwako alipoamua jambo mara ya mwisho, ulimfanya nini? Nawajua. Mteja alirudisha bidhaa mbovu, msimamizi akambadilishia papo hapo, wewe ukaja jioni kumfokea mbele ya wenzake: "Nani kakuruhusu?" Basi, kajifunza. Sasa mteja anasimama kaunta, simu yako haipatikani, naye amekunja mikono anakusubiri. Halafu unamwita mzembe. Uzembe huo umemfundisha mwenyewe, tena ukimlipa.

Ukimpa mtu kazi, mpe na kiwango cha fedha anachoweza kutumia bila kukuuliza. Kiandike, na wenzake wakisikie kutoka kinywani mwako. Mwambie unataka nini na lini; namna ya kukifikia mwachie. Atafanya tofauti na wewe, na kazi ikitimia, nyamaza. Akikosea ndani ya kiwango ulichompa, hesabu kwamba umelipa ada ya shule. Na akija mlangoni, "Bosi, tufanyeje?", muulize kwanza yeye anaonaje. Ukiharakisha kujibu, kazi imerudi mezani kwako na yeye kaenda zake.

Wengi mnaijua habari ya Musa, jinsi mkwewe Yethro alivyomkuta akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mnachosahau ni kwamba wakuu wale waliamua mambo madogo wenyewe, magumu tu ndiyo yakapelekwa kwa Musa. Na walitakiwa wawe watu wanaochukia rushwa.

Mtaniambia: wataiba. Wapo wanaoiba, sikatai. Lakini mwizi hazuiwi na wewe kuidhinisha wino. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika vitabu vya hesabu, na wa kulinganisha vitabu na taarifa ya benki awe mwingine. Kama hamna watu wa kutosha, hiyo fanya wewe. Malipo makubwa yawe na sahihi mbili. Stoo ihesabiwe bila taarifa.

Mengine nayataja tu. Nywila zisiwe kichwani mwako peke yako. Kazi moja isiwe na wenyewe wawili. Karipio litolewe faragha. Kuajiri wasimamizi wakubwa na kukopa, baki nako wewe.

Lawama nyingine ni yetu sisi wazee. Mtoto akichelewa kufunga kamba za viatu tunamnyang'anya tukafunga sisi, kisha akikua tunashangaa anasubiri kuambiwa. Msibani tunamsifu marehemu kwamba biashara yote ilikuwa mikononi mwake, huku mjane wake hawezi hata kufungua kompyuta ya ofisi. Sifa gani hiyo?

Nawaomba, wanangu, chagueni siku moja ya kazi mzime simu. Mkirudi msianze kutafuta aliyekosea. Andikeni kila kilichokwama kikiwasubiri, kisha mbele ya kila kimoja andikeni jina la mtu, ambalo si lenu.

Mzee wenu